Nilinunua gitaa la taa Makambako, likaanza kufanya mazoezi bila mimi

Wakuu, salaam kutoka Njombe, mji ambao mwezi wa saba tunalala na soksi.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya miaka mingi. Leo naandika kwa sababu jambo hili nimelibeba tangu mwaka jana, na kila nikimsimulia mtu uso kwa uso ananiangalia kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nitaeleza nilichokiona. Pale nisipoelewa nitasema sielewi, sitaongeza chumvi.

Mimi ni mama wa miaka 39, Mkinga wa Makete, nimeolewa na nakaa Mjimwema, mtaa wa hapa hapa Njombe. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, pale pale sebuleni. Mume wangu, Baba Neema, ni fundi wa malori Makambako, anarudi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana tukitoka kanisani. Binti yetu yuko bweni. Kwa hiyo siku nyingi ndani niko mimi, nyuzi za sweta na redio.

Naimba alto kwenye kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri.

Sasa, mpiga gitaa wetu alihamishiwa Songea kikazi. Mwalimu wa kwaya akauliza nani yuko tayari kujifunza. Vijana wakaangaliana. Nikanyoosha mkono mimi. Aisee, watu walicheka hadi mwalimu akacheka.

Nikasema poa. Nitawaonyesha.

Jumatano moja nilimfuata Baba Neema Makambako, nikapita kwenye duka la kijana mmoja anaitwa Edgar, anauza spika, chaja na vifaa vya muziki vya mtumba. Ndipo nikaliona.

Kwa wasiolijua: smart guitar ni gitaa la kuchaji kama simu. Shingoni, chini ya nyuzi, lina taa ndogo ndogo nyekundu. Unaliunganisha na simu kwa Bluetooth, unafungua app yake, unachagua somo, taa zinawaka kukuonyesha pa kuweka kidole. Ukikosea inakuambia. Ukizima sauti yake, taa zinaendelea kuwaka kimya kimya.

Edgar akanipa na kikaratasi chenye jina la account na password. "Mama, masomo yameshalipiwa mwaka mzima. Ingia na hii hii, usifungue mpya."

Nikafurahi kama mjinga.

Jioni ile nikafungua app. Ikaniandikia: "Karibu tena, Faraja. Umefanya mazoezi siku 74, mara ya mwisho jana."

Nikajua Faraja ndiye aliyekuwa na gitaa kabla yangu. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua kidogo ni hiyo "jana", maana Edgar alisema gitaa limekaa kwenye boksi dukani zaidi ya miezi miwili.

Nikajiambia mashine hizi nazo zinajumlisha ovyo. Nikaanza somo la kwanza.

Nisiwachoshe na mateso ya vidole. Chord ya F iliniliza machozi ya kweli. Ncha za vidole zilivimba hadi nikawa nakosea kuunga nyuzi kwenye mashine, kuna sweta la mtoto wa watu lilitoka na mkono mmoja mrefu. Lakini nilikuwa naendelea.

Wiki ya pili, jioni, kama saa kumi na moja na robo. Ukungu ulishashuka, dirisha lote jeupe. Mimi niko kwenye mashine, simu iko mezani, gitaa nimelilaza kwenye kochi bila kulizima.

Taa zikawaka.

Mbili, kisha tatu, zikahama. Zikarudi. Zikapanda juu ya shingo na kushuka taratibu, bila sauti hata kidogo, kama mtu asiyeonekana anabonyeza nyuzi.

Nilisimamisha mashine. Nikakaa naangalia. Ilichukua dakika nne hivi, zikazima zote.

Kesho yake, muda ule ule. Keshokutwa, muda ule ule.

Siku ya nne nilifanya kitu ambacho hadi leo sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikaa kwenye kochi, nikalipakata, nikaweka vidole vyangu juu ya zile taa na kuzifuata.

Ukatoka wimbo.

Siujui. Haumo kwenye kitabu chetu wala kwenye masomo ya app. Ni wa kwenda mbele, mchangamfu, wa kupiga makofi. Kila jioni nikawa naufuata, na wakuu, nilijifunza kwa taa zile haraka kuliko kwa masomo yenyewe. Baada ya wiki tatu niliupiga wote.

Lakini Jumapili ilikuwa tofauti.

Jumapili, Baba Neema akishaondoka, taa zilikuja na wimbo mwingine. Wa polepole mno. Taa moja inawaka, inakaa, unadhani imekwama, ndipo inawaka ya pili. Huo nao nilijifunza, ila niliupiga huku mgongo unanisisimka, na nikimaliza nilikuwa natoka nje kusimama uani hata kama kuna manyunyu.

Nilimwambia mume wangu. Akasikiliza, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mama Neema, hiyo ni takataka ya mtu wa zamani imebaki humo. Peleka kwa fundi afute kila kitu."

Nikaona ana akili. Jumatatu nikalibeba hadi mjini, kwa fundi simu mmoja anaitwa Benja, ana kibanda chake barabarani. Nikamwambia afanye reset, afute account nzima, aniwekee mpya kwa jina langu.

Benja akachukua simu yangu, akabonyeza bonyeza. Akanigeuzia kioo.

"Dada, inasema rekodi arobaini na tatu zitapotea kabisa. Niendelee?"

"Rekodi zipi? Mimi sijawahi kurekodi."

"Zipo. Za mwenyewe."

"Hebu fungua moja."

Akafungua. Kwanza kiti kililia. Mtu akapenga kamasi. Kisha sauti ya msichana, nyepesi, ikahesabu kwa Kibena, na gitaa likaanza.

Ulikuwa ule wimbo wa saa kumi na moja.

Mbali kidogo, kama mtu yuko jikoni, sauti ya mwanamke mtu mzima ikaingia inaimba. Msichana akasimamisha gitaa, akacheka. "Mama, punguza, unanimeza!" Wakacheka wote wawili. Rekodi ikaisha.

Benja aliondoa kidole kwenye kioo haraka kama mtu aliyegusa pasi ya moto.

"Dada," akasema, "huyu ni mtu."

Tulikuwa tumebakiza kubonyeza "ndiyo" tu.

Sikurudi nyumbani. Nilipanda gari la Makambako na gitaa begani, nikamkuta Edgar anapangua spika.

"Edgar, Faraja ni nani?"

Hakuniangalia. "Ni binti wa kijiji cha Mdandu. Alishafariki, mama. Kaka yake ndiye aliyeleta gitaa, alisema hawezi kuliona pale nyumbani kila siku. Ningekuambia, ungenunua?"

"Nisingenunua."

"Ndiyo maana."

Sikuwa na nguvu ya kugombana. Nikamuuliza kwao. Akasema nikifika Mdandu niulizie kwa Mama Faraja, watu watanionyesha.

Nilikwenda Jumamosi. Gari hadi njia panda, kisha bodaboda, mashamba ya viazi kulia na kushoto na ukungu umelala kwenye mabonde mpaka saa nne asubuhi. Njia nzima nilikuwa najiuliza nitaanzaje. Unamwambiaje mama wa watu kwamba kitu cha mwanawe kinawaka chenyewe kwenye kochi lako?

Nilimkuta uani, mama wa kama miaka sitini, kilemba cha buluu, anachambua mbegu za viazi. Nikamsalimu kwa Kibena changu cha kuombaomba. "Kamwene, mama."

"Kamwene."

Macho yake yakaenda kwenye begi la gitaa begani kwangu. Akasimama, viazi vikamwanguka kutoka mapajani.

"Umelileta," akasema.

Aliniingiza ndani, akanipa chai. Nikamweleza vyote, gitaa, Edgar, rekodi, taa za saa kumi na moja. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akaenda chumbani akarudi na simu, imefungwa kwenye leso.

"Hii ilikuwa yake. Mimi mambo haya siyajui. Jirani alinionyesha pa kubonyeza, hapa penye alama nyekundu. Nikitoka shambani nanawa mikono, nabonyeza, namsikia. Saa ile ndiyo tulikuwa tunaimba."

Wakuu, nilihisi kama mtu amenitua gunia.

Kumbe ni mama. Account ni moja, simu ni mbili. Kila akifungua rekodi ya mwanawe Mdandu, app inatuma kwenye gitaa lililounganishwa, linawasha taa Mjimwema. Na kila akisikiliza, app inahesabu siku ya mazoezi. Nilijikuta nacheka huku machozi yanatoka.

"Mama, bonyeza nione," nikamwambia.

Nikaliweka gitaa mezani, nikaliwasha. Akabonyeza. Sauti ya binti ikahesabu, na taa zikaanza kutembea shingoni.

Yule mama hakuwa ameliona gitaa tangu liuzwe. Alisogeza uso karibu kabisa. Hakulia. Aliweka kidole chake juu ya taa moja, ikahama, akaifuata.

"Vidole vyake," akasema.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa nalala vizuri.

Nikiwa nimechangamka, nikamuuliza, "Na ule wa Jumapili, ule wa polepole, ni wa kanisani?"

"Wa Jumapili upi?"

"Unaobonyeza Jumapili mchana."

Akatikisa kichwa. "Jumapili mimi sigusi simu. Inazimwa Jumamosi, inakaa kabatini hadi Jumatatu. Nashinda kanisani."

Nilidhani amesahau, ni mtu mzima. Nikachukua gitaa nikampigia. Sikufika hata nusu, akanishika mkono, kwa nguvu.

"Huo nani kakufundisha?"

"Taa, mama."

Nilisikia sufuria inachemka jikoni.

"Huo hakuurekodi," akasema. "Huo hakuwahi kuupiga. Alikuwa amelazwa hospitali ya Tandala, wiki tano, mimi nikiwa pembeni yake. Gitaa lilibaki hapa. Alikuwa anautunga kwa mdomo, anapiga vidole juu ya shuka, hivi. Alisema akirudi ndiyo atautafutia nyuzi." "Hakurudi."



Akaachia mkono wangu. "Rudia. Tangu mwanzo."

Nikarudia. Safari hii akaimba. Maneno yote ya Kibena, nilikuwa naokota moja moja, njia, ukungu, mama. Na wakuu, maneno yalikaa kwenye zile nyuzi kama kitufe kwenye tundu lake. Pale taa zilipokuwa zinakaa muda mrefu hadi nikadhani zimekwama, ndipo yeye alipovuta pumzi.

Niliporudi nilikagua. Historia ya app, Jumapili zote ni tupu, hakuna kilichochezwa. Rekodi zote 43 nimezisikiliza moja baada ya nyingine, wimbo ule haumo. Benja alisema labda ni demo ya kiwandani. Akaitafuta siku nzima, hakuiona.

Sielewi. Niliahidi nitasema pale nisipoelewa, basi ni hapa.

Gitaa nilitaka kumwachia siku ile, akakataa. "Wewe una vidole, mimi nina maneno. Nenda nalo, ila uwe unakuja." Rekodi zote tukazihamishia kwenye memory card mbili, moja kwake, moja kwangu.

Sasa kila baada ya wiki mbili nakwenda Mdandu. Mwezi uliopita alitaka kushika gitaa mwenyewe. Ameanza chord ya G. Vidole vinamuuma, ananigombeza kwa Kibena, kisha anasema tena, tena.

Najua mtauliza kama Jumapili taa bado zinawaka. Ndiyo. Siogopi kama zamani, nakaa nazo hadi zizime. Ila sijawahi kuzipa mgongo.

Nilichojifunza ni hiki. Vitu vya siku hizi vinabaki na watu ndani. Sauti, kicheko, kukohoa, mtu kumwambia mama yake apunguze sauti. Sisi tunauza, tunafuta, tunasema ni takataka. Mimi nilimlipa fundi ili afute sauti ya mtoto wa mtu, na asingeniuliza kwanza, angekuwa ameshafuta.

Mwenye ujuzi wa hizi app aniwekee maelezo hapa, nasoma yote, hata ya kunipinga. Na aliyewahi kukutwa na jambo la namna hii naye aseme.

Lakini kama ndani kwako kuna simu ya marehemu imekaa kwenye droo, nenda kaichaji kwanza, uifungue. Ndipo urudi uchangie.