Shati la Vumbi la Nondo

Watu walimwita Msafi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ni mtu wa kufuta kiti kabla ya kukikalia, hata kiti cha wenyeji wake. Mama mkwe alimkubali kwa hilo tu. Kwa sura, mwenyewe husema, asingepata hata jibu.

Kazi yake ilikuwa kufuga nyigu. Si hawa wa kuuma watu. Hawa ukimwaga mia kwenye ukucha, nafasi inabaki. Alibandika mayai ya nondo kwenye kadi, akaitia kwenye chupa ya nyigu. Nyigu jike hutembea juu ya yai, akiligongagonga kwa papasi zake za kichwani, kisha hulitoboa na kutaga lake ndani. Siku ya nne yai huwa jeusi: kiwavi hatazaliwa, atatoka nyigu, naye ataruka kutafuta mayai mengine.

Basi mahindi ya mama mkwe yakaingiliwa na viwavi, na shamba lenyewe ndilo linalomlisha mwaka mzima. Msafi akajigamba kwa mkewe, "Mwambie mama, Jumamosi nampelekea askari." Kwa kuwa kadi ni za mkwe, akazipangusa kwa brashi mpaka mayai yakang'aa.

Akazitia chupani. Siku ya nne, mayai bado meupe pe.

"Umeyafanya nini?" aliuliza mkuu wake wa kazi, mama asiyepoteza maneno.

"Nimeyasafisha."

"Lile vumbi la mabawa ya nondo ndilo lenye harufu wanayoifuata nyigu. Umewafutia njia, baba."

Miaka sita kazini, na siku zote alidhani wanalivumilia tu vumbi lile, kama yeye. Jumamosi hakwenda; simu ya mama mkwe akaiacha ilie. Akatengeneza kadi nyingine, chafu safari hii, akishinda kwenye kizimba cha nondo na kutoka mweupe kama fundi wa mashine ya kusaga.

Zilipokuwa tayari alikwenda nazo shambani moja kwa moja, bila kubadili nguo. Akazitundika. Nyigu wakatoka, wakayapita mahindi, wakamjaa shatini.

Mama mkwe alizikodolea macho zile nukta zinazotembea. "Mkwe, wanataka kukutagia?"

"Wamepotea, mama. Mjinga ni mimi, si wao."

Akalivua shati. Mama mkwe akageuka upesi, naye Msafi akalikung'uta juu ya mahindi, mstari kwa mstari, kitambi mbele, aibu tupu.

Baada ya siku kumi mkewe alirudi kutoka kwa mama yake. Mayai yote ya nondo kwenye majani ya mahindi yalikuwa meusi.

"Mama anashukuru sana," alisema, akijizuia kucheka. "Sasa shamba la pili limeingiliwa. Uende na lile shati, na usilifue."

Shati lilikuwa kwenye kamba. Alikuwa amelifua mara tatu.