Bomu la Pili

Asubuhi ile nilikuwa namnyoa ndevu Mista Keith, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, karibu na Westmead, huku ugenini. Jua lilijaa dirishani. Televisheni ilizungumzia vita vya ng'ambo na kitisho cha nyuklia, nikamwomba ruhusa niizime.

"Iache," alisema. "Hayo sisi tulishayapanga."

Zamani alikuwa ofisa wa jeshi. Kumbukumbu zake zilikuwa zimechakaa. Jina langu, Neema, alilisahau kila siku. Lakini hapo sauti yake ilinyooka. Wakati wa vita fulani, alisema, wao wachache walifungiwa katika chumba kisicho na madirisha, wapange jinsi ya kuupiga mji wa adui kwa nyuklia iwapo mambo yangeharibika. Hata wake zao hawakuruhusiwa kujua.

"Bomu la kwanza, mjini," alisema. "La pili, darajani."

"Kwa nini darajani?"

"Waliopona wangekimbilia huko." Aligeuza shavu ili niendelee. "Bahati nzuri, hayakutumika. Mle ndani tulikuwa na keki nzuri sana."

Niliusuuza wembe kwenye beseni.

Kwetu Fizi, miaka mingi kabla, risasi zilianza watu wakitoka kanisani. Papa, baba yangu, akasema tushike njia ya ziwani. Mama alitangulia, mdogo wangu Furaha mgongoni.

Njia ilikuwa tupu. Hakuna aliyetufukuza.

Kwenye kivuko cha mto wenye bunduki walikuwa wamekaa, wanatungoja.

Mimi na Papa tulitokea ng'ambo ya mto. Mama na Furaha hawakutokea.

Miaka yote niliiita bahati mbaya, na moyoni nilimlaumu Papa kwa kuichagua njia ile. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya siku hiyo watu walikaa kitako, pengine na chai mezani, wakiwaza tungekimbilia wapi.

Nilimaliza kumnyoa. Akanishukuru, akaniuliza jina.

Jioni, nyumbani Fairfield, nilimsimulia Papa yote. "Si kosa lako," nilimwambia. "Walishajua tutapita pale."



"Mimi, mwanangu, miaka yote hii huwa nawapitisha mama yako na Furaha njia ya mlimani," alisema. "Humu kichwani. Na wanafika."

Alifumba macho.

"Sasa hata huko naona watu wamekaa."