Sifuri za Nyabibuye

Kila asubuhi Bazilio Nduwayezu hupita kwenye ua wa jirani yake, Mama Ange, hutupa salamu ya Kiha, "Bwakeye!", juu ya michongoma na kuendelea kutembea. Jibu humkuta ameshageuza mgongo.

"Unasalimia kama anayekimbizana na basi la Kigoma!" Mama Ange humtania. "Siku moja utapita hapa nimeshakufa, na wewe hutajua."

Ijumaa ile hakupita. Mimi, mdogo wake, nilimkuta chumbani kwake, hapa Kasulu, ameinamia kompyuta. Deborah, muuguzi wa zahanati moja huko Nyabibuye, alikuwa amempigia: amekuta barafu ndani ya friji ya chanjo. Chanjo ya kifaduro ikiganda haimkingi tena mtoto, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Na kifaduro kilikuwa kimeshafika kijiji cha jirani.

"Kaka Bazilio, kidude chako kinasemaje? Ziliganda?"

Kidude hicho alikibuni mwenyewe. Kila robo saa huandika joto la friji ndani ya chipu, na chipu ile ni kama ubao wa darasani: ufute kwanza, ndipo uandike. Programu ya Bazilio iliiamuru ifute, kisha ikaandika papo hapo. Chipu, iliyochoka baada ya miaka mitatu ya kazi, ilijibu kwamba imeshindwa kufuta. Hakuna mstari wa programu uliolisoma jibu hilo. Namba mpya ziliangukia juu ya za zamani, na kwa kuwa chipu hubakiza tu alama zilizomo katika namba zote mbili, mbili ikiandikwa juu ya tano hutoka sifuri.

Skrini ilijaa sifuri. Ipi ni ya barafu, ipi ni ya namba kupandana, hakuna aliyeweza kujua.

Aliandika mistari ya kusubiri jibu, ya kurudia, ya kuhamia sehemu nzima ya chipu. Yote ya kesho; namba zilizokwisha kuharibika hazirudi. Simu ikaita, akaifungua spika.

"Kaka, mtoto wa kwanza nimeshampima uzito. Niambie!"

"Sijui, dada. Usimchome mtu. Zitenge zote."

"Nyingine mpaka zitoke Kibondo, wiki ijayo! Hawa akina mama wametembea tangu alfajiri!"

"Warudishe."

Tulisikia akiwatangazia. Tulisikia benchi likisukumwa, na mtoto akikohoa.

Bazilio aliiweka simu kifudifudi.

"Kaka," nikamuuliza, "kwa nini hukulisubiri jibu la chipu?"

"Nilipoijaribu hapa mezani, haikuwahi kukataa."