Mama Aliyenifutisha Mahudhurio

Nilipokuwa nafundisha milimani, juu ya Mkuyuni, mama mmoja mjane alikuwa akipata ruzuku ya kaya maskini, kwa sharti kwamba binti yake asikose shule. Mwezi mmoja binti alikosa siku nyingi akimuuguza bibi yake. Kwa huruma, nikaandika kwamba alihudhuria. Mama aliposikia, alinifuata ofisini.

“Mwalimu, naomba ufute. Mtoto mwenyewe anajua hakuja.”

“Mama, watakukata hela.”

“Wakate tu. Ndizi ninazo.”

Walimkata kweli. Akawa anabeba mikungu kichwani hadi sokoni, na binti akarudi darasani. Tangu hapo, tukikutana kwenye kijia chembamba cha mlimani, mimi ndiye niliyekuwa nikimpisha.