Mwalimu Phineas na Mfuko wa Unga

Kwa kuchambua wahusika, Mwalimu Phineas hana mpinzani. Mtu wa bara huyu, mwaka wa tatu sasa anafundisha fasihi Chundwa, huku kisiwani, na wimbo wake darasani ni ule ule: "Msiniambie mhusika anasema nini. Tazameni anafanya nini, ndipo mtajua anataka nini."

Jumatatu hiyo, katikati ya Ramadhani, walikuwa kwenye riwaya ya kejeli, penye mheshimiwa anayegawa mahindi kwa wenye njaa. "Kwa nini anagawa?" akauliza.

Rumaisa akainua mkono. "Apate kuonekana, mwalimu."

"Ushahidi?"

"Hakuuachia mfuko mpaka mpiga picha alipomaliza."

Darasa zima likainama, watu wanajiuma midomo wasicheke. Phineas masikio yakawaka moto. Wee! Ijumaa tu, yeye mwenyewe aligawa unga wa futari uwanjani, mwenzake Owen akimpiga picha za kuambatanisha na ombi lake la kupandishwa cheo. Na yule mama wa pichani, aliyekuwa akiuvuta mfuko, naye Phineas kaung'ang'ania akitabasamu, alikuwa Bi Hadia, mamake Rumaisa. Picha ikazunguka simu zote za kisiwa. Huku watu hupelekeana futari sahani imefunikwa kawa, hata jirani asijue nani kampa nani. Yeye kamwanika mama wa watu kama samaki wa ng'onda juani!

Aibu ikamshika, aibu ya kweli, ya kumnyima mtu usingizi. Wala binti hakusema kwa ubaya, alifanya alivyofunzwa. Phineas akaifuta picha kwenye ombi lake, akaapa atakwenda kumwomba mama radhi.

Kesho yake jioni akafika kwa Bi Hadia. Barazani wanaume wamejaa, wanangoja magharibi. Akasimama katikati ya njia, akapaza sauti: "Bi Hadia, nimekukosea! Nimekuja kukuomba msamaha mbele ya watu wote!"

Bi Hadia akatokeza mlangoni, leso kaivuta mpaka puani. Hakumkaripia.

"Nimekusamehe, mwalimu," akasema taratibu. "Lakini mbona hukuya asubuhi, ndia ikiwa haina watu?"

Jibu Phineas alikuwa nalo. Asubuhi alipita papo hapo, akakuta baraza tupu, akaenda zake.