Jiwe Lililokunywa Mawese

Yule mama wa kando ya barabara pale Kavumu alikuwa ameyamwagia maji mawe yake yote ya kunolea visu. Nikaona ujanja hapo hapo: maji huficha nyufa. Nikaomba kitambaa, nikakausha mawili, nikayapitishia ukucha. La kwanza lilikuwa na chembe nene kama sukari, lingekula kisu. La pili, la kijivu, lilikuwa laini. Nililigonga mara tatu, nikingoja linidanganye.

“Papa, unaoa jiwe ao unainunua kwangu?” mama akauliza, na wenzake wakacheka. “Kamata hiyo. Lakini mbele ya kunoa, uiache ikunywe kwanza.”

Sikumwuliza ikunywe nini. Nilikuwa fundi wa malori maisha yangu yote, na kwetu kinachokunywa ni moteri ya lori, nayo hunywa mafuta. Nilipofika nyumbani Muhumba nikakwangua alama ndogo kwa msumari ubavuni mwa jiwe, ili nisibadilishiwe, kisha nikalipaka mafuta ya mawese.

Juma la kwanza kisu kilikata nyanya bila kuiponda. Kila siku nililiongezea mawese. Kisha jirani yangu, mwalimu mstaafu, akaja kuliazima, kwa sababu jiwe lake lilikuwa limechimbika katikati na alikuwa na mbuzi wa kuchinja kwa harusi ya binti yake. Tangu watoto wetu wakiwa wadogo tulikuwa tukikaa pamoja kila Jumapili baada ya misa. Alilirudisha kesho yake, limefungwa katika gazeti. Nani hufunga jiwe katika gazeti? Nikalijaribu. Kisu kiliteleza kama juu ya sabuni. Nikaitafuta alama yangu, sikuiona.

Siku tatu nilimchunguza. Alinisalimu kwa uchangamfu kuliko kawaida, nami nikauhesabu huo kama ushahidi. Jumapili nikamkuta barazani kwake na wakwe zake wapya.

“Ulibadilisha jiwe yangu,” nikasema.

Alicheka, akidhani natania. “Jirani, niibe jiwe? Bukavu muzima iko na majiwe!”

“Kama yangu haiko.”

Mkwe mmoja akainamisha kichwa. Jirani yangu akaacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na lile jiwe lake lililochimbika, akaliweka miguuni mwangu. “Kamata na hii, muzee. Ubaki nayo mbili.”

Nililichukua. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nikarudi Kavumu kumshitaki yule mama wa mawe pia, maana sasa niliwashuku wote wawili. Akalinusa jiwe la kijivu. “Uliipa mawese? Papa! Nilisema ikunywe maji! Mafuta imeziba matundu yake yote.” Akalisugua kwa majivu na maji ya moto. Chini ya ule utandu mwekundu ikatokea alama yangu ya msumari.

Nilimwomba jirani msamaha mbele ya mke wake. Wakwe walikuwa wamekwisha kwenda kwao na neno langu. Alisema amesamehe. Nashuku hata huo msamaha, ingawa sina haki. Nilimwachia mawe yote mawili juu ya ukuta unaotutenga. Yangali pale, mvua inayanywesha. Na kila Jumapili baada ya misa namsikia akinoa kisu chake kwenye ngazi ya saruji, na saruji inakila.