Nilichinja Mbuzi wa Kumuaga Kabla Hajaamua Kwenda

Msinihurumie. Haya niliyataka mwenyewe, mdomo ulikuwa wangu.

Mume wangu ni injinia wa maji. Tulikaa nyumba ya serikali, Nyeri mjini, naye alikuwa akivuta mabomba mpaka Mweiga, kwao, ambako mama yake amebeba maji mgongoni tangu aolewe. Mabomba yakiwa karibu kufika, akapata nafasi ya kusomea shahada ya pili Ulaya.

"Bado nafikiria, Mama Wambui," akaniambia. "Nikienda sasa, hii kazi nani atamaliza?"

Kufikiria! Uhuru umekuja, Wazungu wanarudi kwao wanaacha viti ofisini, yeye anafikiria! Mimi nilishajiona kanisani na kofia mpya, mke wa bosi. Basi, akiwa kazini Mweiga, nikatangazia akina mama ati anasafiri, waje Jumamosi kwa chai ya kumuaga. Nikachinjisha na mbuzi.

Alirudi na matope kwenye buti, akakuta uani watu wamejaa, mchungaji anaiombea ndege isianguke.

"Ndege gani?" akaninong'oneza.

"Kula kwanza, Baba Wambui."

Angesema nini? Mbuzi ameliwa, mama yake, niliyemwita kisirisiri kutoka Mweiga, ameshalia, wazee wamempa blanketi ya baridi ya Ulaya. Aibu ikampeleka.

Halafu mimi ndio nikaanza masomo! Nyumba ilikuwa ya mfanyakazi, nikatolewa. Sasa niko Mweiga kwa mama mkwe. Mabomba yamelala pale alipoyaacha, hakuletwa injinia mwingine. Ng'ombe wanajikunia hapo. Kila asubuhi nateremka mtoni, Wambui kifuani, pipa mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Mpisheni Mama Injinia!" wanawake wanacheka. "Na Ulaya wanateka hivi hivi?"

Nawaka hasira, lakini nimtukane nani? Mbuzi nilichinja mimi!

Juzi mama mkwe aliteleza na pipa lake, akaumia kiuno. Nikimkanda, akaniuliza, "Kijana wangu alitaka kwenda kweli?"

Nikashindwa kudanganya. "Hapana, mama. Alitaka kumaliza mabomba."

Hakunigombeza. Heri angenizaba kofi! Aligeukia ukuta, akaniambia nikazime taa.

Dada zangu, mume akisema anafikiria, mwacheni afikirie hata mwaka mzima! Fungeni midomo, mbuzi wenu wakae zizini. Mimi wacha niende mtoni mapema. Siku hizi nateka maji ya watu wawili.